Jina Kwenye Dumu

Jumatano, zahanati ya Mwandiga.
Benchi limejaa, watoto wanalia kwa zamu
kama waliopangiana.
Nesi hakuinua macho: "Jina?"
Nikasema, "Mama Yona."
"La kwako, mama. La mtoto ninalo."

Nikanyamaza.
Usicheke. Na wewe siku moja tafuta kitu
ulichokiweka juu ya kabati miaka sita,
uone kama mkono utakwenda moja kwa moja.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari la kidato cha tatu,
kwenye orodha ya kwaya, sauti ya pili,
mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu.
Kisha akaja Yona, akaja Debora,
na wifi, na jirani, na mwinjilisti mwenyewe
wakaanza kuniita kwa aliyepita kwangu.
Hata mume wangu, akipiga simu toka Uvinza kwenye chumvi,
huanza: "Mama Yona, mtandao unakata."

Ni heshima, najua.
Mti huitwa kwa tunda lake.
Ila kuna usiku mti nao hujiuliza:
msimu ukipita, mimi nani?

Sali, wanasema. Nasali.
Naanza Baba Yetu nimeegemea ukuta,
Debora kwenye ziwa la kushoto,
na usingizi hunikuta kwenye mkate.
Tangu mvua za kwanza sijafika kwenye makosa yetu.
Asubuhi naamka, shingo imekakamaa,
na mkate umekuja: ni muhogo, kwa kweli,
na bakuli la dagaa mlangoni,
aliyeleta hakubisha hodi.
Nimeacha kujilaumu. Kuna anayenimalizia sala.

Nesi akagonga meza kwa kalamu.
Likatoka, lina vumbi:
"Habonimana."
"Rudia."
Nikarudia, na la pili lilikuwa na sauti.

Bibi alinipa jina hilo kwa Kiha chetu,
Mungu ndiye anayeona,
kwa kuwa nilizaliwa kwenye shamba la maharage, Heru Juu,
kabla ya mkunga, kabla ya taa,
na hapakuwa na shahidi mwingine.

Njiani nikamfikiria Hajiri.
Kwa Sarai alikuwa mjakazi tu,
mjakazi wangu huyu, mchukue;
hakuna aliyemwita kwa jina nyumbani mle.
Malaika alimkuta penye chemchemi, ana mimba na vumbi la njia,
akaanza na jina,
ndipo akamuuliza anakotoka.
Miaka yote nimesikia habari ile kanisani
na sikuwahi kuona kilichotangulia.

Jioni nikachemsha chikichi.
Moshi, macho, Debora mgongoni anavuta kilemba,
mawese yakapanda juu mekundu
nikayaengua taratibu, kama mtu asiyedaiwa kitu.
Dumu zangu za sokoni huwa naziandika M/YONA
zisichanganyike na za wenzangu.
Safari hii nikachukua kipande cha mkaa,
nikaandika HABON,
na upande ukaisha.
Jina refu, dumu dogo.
Nikaligeuza, nikamalizia kule: IMANA.

Yona, ambaye juzi tu amejua kuunga silabi,
akasimama mbele na kidole hewani.
"Ha. Bo. N. Mama, Habon ni nani?"
"Ni mimi. Hujamaliza."
"Imeisha hapa."
"Zunguka, mwanangu.
Mungu ameangukia upande usiouona."

Akazunguka.
Ndani, Debora akaamka akaniita
kwa lile jina lake la kilio, lisilo na herufi,
nikafuta mkaa kwenye kanga
nikaitika.